Ombi la Kuliwekea Pazia Daftari la Sarafu ya Tangi

Kwa Mratibu wa Sarafu ya Tangi, ambaye pia ni mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko juu uliko. Najua utashangaa kupokea barua yenye muhuri kutoka kwa mjomba wako, ambaye duka lake la saa liko chini kabisa ya ofisi yako. Hata sasa ninapoandika nasikia viatu vyako vikipita juu ya dari, na kila ukivuta kiti vumbi linaniangukia kwenye mashine ya saa ya mteja. Ningeweza kupanda ngazi kumi na nne tukaongea. Lakini mara tatu nilizopanda nimeshuka nikiwa nimekubaliana nawe, na sikumbuki ni wapi katikati ya mazungumzo niliposhindwa. Safari hii naandika. Karatasi haina macho ya mama yako.

Kuhusu: OMBI LA KULIWEKEA PAZIA DAFTARI

Kabla sijalalamika, nieleze mambo yalivyo, maana kanuni ya tisa ya mradi inasema kila lalamiko lipigwe picha na kuingizwa daftarini siku hiyohiyo, lisije likapotelea mezani kwa mtu. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi mwenyewe na nikapigiwa makofi. Nikimaliza tu hapa naipiga picha, asije mtu akasema hakuiona.

Mtaa wetu hauna maji ya kutegemewa. Ulipokuja ukasema tusichange fedha kwa kopo kama zamani, tuzindue sarafu. Sarafu elfu kumi, haziongezeki hata moja. Mtu ananunua kwa simu, na siku maji yakitoka kila sarafu inamchotea ndoo ishirini. Fedha zinaingia kwenye sanduku la tangi, ambalo halifunguki mpaka wanakamati watatu, wewe ukiwa mmoja wao, watie sahihi kwa simu zao. Kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa kwenye daftari lenye nakala katika maelfu ya mashine duniani, kila ukurasa umefungwa kwenye ukurasa uliotangulia kama pingili za mnyororo, hata asipatikane wa kuchana wala wa kufuta. Mwenye simu yoyote anasoma. Anwani zetu wanakamati, zile herufi na tarakimu ndefu kama namba ya injini, umezibandika mlangoni pamoja na majina yetu.

Wazo hili nililiunga mkono tangu siku ya kwanza. Nililiunga mkono kwa sababu sikulielewa.

Sasa nimelielewa, na malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu dakika yenyewe ya uzinduzi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji kwa mwaka wa kumi na tatu. Kila kitu kilichowahi kufunguliwa mtaani hapa, mwenyekiti alionjeshwa kwanza. Choo cha soko kilipofunguliwa, niliingia wa kwanza, na picha ipo. Lakini sarafu zako zilifunguliwa saa kumi kamili kwa watu wote pamoja, hakuna wa kabla wala wa baada, na kila mtu angeweza kuhakikisha kwamba hakuna aliyepewa chake pembeni. Saa kumi kamili mimi nilikuwa nimeshika mkasi na utepe. Nikaanza hotuba ya kurasa tisa. Nilipofika ukurasa wa pili niliona watu wameinamisha vichwa, nikadhani wameguswa. Muuza makaa alikuwa akinipigia makofi kwa kiganja kimoja juu ya paja; kile kingine kilikuwa kinanunua. Alipata arobaini. Mimi nilipomaliza shukrani kwa wageni waalikwa nikakuta katika fungu la kwanza zimebaki tatu, nikazichukua, na nadhani mbili kati ya hizo mtu alikuwa amezisahau.

2. Kuhusu kufuli. Wanakamati tulipewa sarafu hamsini kila mmoja kwa ajili ya busara zetu, lakini ukazifunga. Hazitoki mpaka mita ya tangi isome kwamba maji yametoka. Nilikuja nikakuomba unifungulie kumi. Ukasema huwezi. Nikapunguza, nikasema tano. Ukasema, “Mjomba, siyo kwamba nakataa. Hata mimi sina ufunguo.” Nikasema basi moja tu, ya mfano. Ukanimiminia chai. Mpwa wangu, nimeishi miaka hamsini na mitatu nikijua kwamba kila mlango una mtu wa kuongea naye. Anaweza kuwa mkali, anaweza kuwa amekwenda kula, lakini yupo. Wewe umejenga mlango usio na mtu. Tukiendelea hivi, sisi wenye maneno mazuri tutaishi vipi?

3. Kuhusu Bwana Kimya. Hapa naomba usome polepole, na ikiwezekana ukiwa umekaa.

Kanuni inasema mwanakamati asinunue zaidi ya tano katika mauzo ya pili, tusije tukayahodhi maji kabla hayajatoka. Kanuni nzuri. Lakini fikiria aibu ya mwenyekiti mwenye sarafu tatu mbele ya muuza makaa mwenye arobaini, anayeniuliza kila asubuhi, “Mwenyekiti, leo tuko tatu bado?” Kwa heshima ya kiti, na wala si kwa tamaa, nilifungua pochi ya pili kwenye simu, nikaipa jina la Bwana Kimya. Bwana Kimya akanunua ishirini na mbili.

Kikaoni nikamsifu. Nilisema tazameni, hata watu wasiotufahamu wanatuamini, kuna bwana mmoja huko aliko amenunua ishirini na mbili bila kelele, tujifunze kwake. Watu wakaguna kwa heshima. Kisha yule mama wa cherehani, ambaye maisha yake yote amefuata nyuzi kwa kidole, akafuata na hii. Akasimama katikati ya kikao akasema, “Mwenyekiti, samahani. Huyu Bwana Kimya sarafu yake ya kwanza kabisa hakununua. Alitumiwa. Na aliyemtumia ni wewe.”

Ni kweli. Kabla ya kuitumia ile pochi nilitaka kuijaribu kama inafanya kazi, nikaitumia sarafu moja kutoka kwenye ile anwani yangu iliyobandikwa mlangoni. Ndivyo fundi saa anavyofanya: hatoi saa dukani bila kuijaribu. Kwa hiyo uangalifu wa kazi yangu ndio ulioniponza, na wewe unaita hilo uwazi. Muuza makaa alicheka mpaka akatoka nje. Jumamosi hii kikao kinakaa kuamua kama nibaki kwenye kiti au nishuke kwenye benchi na wengine. Kiti chenyewe, kama unavyojua, ndicho pekee chenye mikono.

4. Kuhusu nyumba yangu. Mkazamjomba wako zamani alikuwa akitazama tamthilia saa mbili usiku. Siku hizi anasoma daftari. Anasema lina watu anaowafahamu. Jumanne alinyanyua macho kwenye simu, akanitazama juu ya paji la uso, akarudi kwenye simu. Kinyozi wangu amekubali kulipwa kwa sarafu, jambo jema la kukuza mradi, lakini kila malipo anayaandikia maelezo, kwa sababu ulimfundisha. Ameandika: “Rangi nyeusi, chupa mbili, mteja yuleyule.” Kwa miaka ishirini na sita mke wangu ameamini kwamba kwetu hatuoti mvi, au amekuwa na adabu ya kuonekana anaamini. Adabu ile umeichukua wewe na maelfu ya mashine zako. Sasa akinipitia anasema, “Shikamoo, mteja yuleyule.”

5. Kuhusu mkataba wenyewe, ile programu inayoendesha sarafu. Umeiweka wazi, asomaye na asome. Nilidhani ni heshima tu ya maneno, kama vile mgeni anavyoambiwa ajisikie nyumbani. Kumbe kuna watu wanasoma! Yule muuguzi mstaafu wa nyumba ya kona, mwanakamati mwenzetu, aliichapisha yote, akakaa nayo wiki mbili na miwani yake na kalamu nyekundu, mahali asipoelewa akija kukuuliza. Kikaoni akasema mstari wa arobaini na moja unasema kura ya mwenyekiti ni moja. Nikasema haiwezekani, rudia. Akarudia. Moja. Mpwa wangu, mimi nimekuwa nikipiga kura kwa mikono miwili kwa miaka kumi na miwili na nusu, na hakuna aliyewahi kuhesabu. Wengine walidhani najinyoosha.

Na mkataba huo niliutia sahihi mbele ya watu nikisema nimeusoma wote.

6. Hili la sita ndilo kubwa, na nimelizunguka tangu mwanzo.

Najua kwa nini umefanya hivi. Tangi hili si la kwanza. Miaka kumi na moja iliyopita tulichanga, na mtunza fedha alikuwa baba yako, shemeji yangu. Alikuwa na kopo la maziwa na daftari la mkono la kurasa tisini na sita. Mchimba msingi akaja akasema hajalipwa. Kopo lilikuwa tupu. Shemeji akasema, “Nimelipa, jamani. Kwa nini nisilipe?” Tukasema lete daftari. Akalileta. Lilikuwa limenyeshewa, kurasa zimeshikana, wino wote umekuwa buluu moja. Tukakaa kikao, na mimi nikiwa kwenye kiti nikasoma azimio kwamba apumzike kazi ya kutunza fedha. Nilichagua neno hilo mwenyewe, apumzike. Hatukumwita mwizi hata siku moja. Tuliacha tu kumtuma dukani. Baada ya miezi michache wakahama, yeye na dada yangu na wewe.

Sasa umerudi peke yako, ukapanga chumba juu ya duka langu, ukatuletea daftari lisilonyeshewa. Nimeona kwenye orodha kuna anwani yenye sarafu mbili ambazo hazijawahi kusogea. Mama wa cherehani anasema umemnunulia baba yako. Vizuri, mtoto amkumbuke mzazi. Lakini mimi nauliza kwa upole: mambo ya kopo si yalikwisha? Mtaa ulisahau. Kusahau ndiko kunakowawezesha watu kukaa ukuta kwa ukuta na kuazimana ngazi. Wewe umeleta kitu kisichosahau. Miaka mia ijayo mtu asiyenijua, huko asikojulikana, ataweza kusoma kwamba tarehe fulani mwenyekiti alinunua chupa mbili.

Mimi ni fundi saa, na natoa mfano wa kazi yangu. Mtu anapoleta saa, anataka kujua saa ngapi. Haombi kuona kamani wala magurudumu. Nikimfungulia mgongo akaona uchafu ulioko ndani, hataivaa tena. Kwa hiyo mimi naifunga, naipangusa kioo, namkabidhi, naye anaondoka akiwa na imani. Mradi wako ni saa uliyoigeuza, magurudumu nje, uso ndani.

Basi naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya. Kwanza, daftari liwekewe pazia, na mwenyekiti ndiye awe anavuta kamba. Likishindikana hilo, libaki wazi kwa mambo mema pekee, kama vile hotuba. Na kama hilo nalo mashine haziliwezi, basi zifundishwe kusahau kidogo kila mwezi kama binadamu wenye afya njema, zikianza na Bwana Kimya, kisha kinyozi.

Natarajia jibu lako kabla ya Jumamosi. Ukilipata mapema, gonga sakafu mara mbili, nitasikia.

Nisalimie mama yako, dada yangu, ukiongea naye kwa simu. Msalimie muuguzi, mwambie macho yapumzike. Msalimie mama wa cherehani kwa mbali. Mkazamjomba wako anakusalimu, na anauliza kama ukurasa wa jana umeshatoka. Wasalimie na wengine wote ambao sikuwataja, wanajijua.

Ni mimi mjomba wako mtiifu,
Mwenyekiti (mpaka Jumamosi),
Fundi saa, duka la chini.

Nyongeza, siku mbili baadaye:

Mpwa wangu, barua hii ilikuwa mfukoni tayari kupandishwa ngazi, na picha yake nilikwisha kuiingiza daftarini kama nilivyoahidi. Kisha ikatokea ya jana asubuhi, ulipokuwa umekwenda kupima mabomba. Najua umeshasimuliwa. Nataka uisikie kwangu.

Muuza matangi alikuja na lori, na tangi letu likiwa juu yake limefungwa kamba. Hakulishusha. Alisimama mbele ya duka langu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kona kwamba malipo ya mwisho hajayaona, na kwamba amesikia mwenyekiti wa hapa ana pochi mbili. Mtaa mzima ukaja. Sikujua tuna watu wengi hivi. Kikaoni huwa hawaji. Muuza makaa hakucheka safari hii. Alisema taratibu, “Mwenyekiti, fedha iko wapi?”

Na mimi, mwenye hotuba za kurasa tisa, nilifungua kinywa nikasikia kikitoka kitu hiki: “Nimelipa, jamani. Kwa nini nisilipe?”

Nilikuwa nimelipa kweli. Nilitia sahihi yangu kwa mkono mmoja, na muuguzi akatia yake, na wewe yako. Lakini nilizitazama nyuso zile na hakuna uso ulioniamini, na walikuwa na haki, kwa sababu siku tano tu nyuma nilikuwa Bwana Kimya. Nilishika ukingo wa meza ya kioo. Saa zote za wateja zilikuwa zinalia pale chini, kila moja na wakati wake.

Mkazamjomba wako ndiye aliyetoka ndani, mikono ina unga, akaipangusa kwenye kanga, akashika simu. Akasoma kama anavyosoma daftari kila siku, bila haraka: “Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili. Imetoka sanduku la tangi. Sahihi tatu, hizi hapa. Imeingia kwa huyu bwana.” Akamgeuzia muuza matangi simu. “Hii si anwani uliyoandika mwenyewe kwenye ankara yako?” Yule bwana akaitazama. Watu ishirini wakatoa simu zao wakaitazama pia, kila mmoja ya kwake. Akasema, “Aa. Kumbe mlituma kwenye ile pochi ya kazi. Siku hizi siifungui sana.” Akaanza kufungua kamba za lori.

Basi. Nilitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika nne.

Watu walinipa pole, muuza makaa akaniletea maji ya kunywa kwa kikombe chake mwenyewe. Walipoondoka nilikaa nyuma ya kioo nikashika bisibisi, na skrubu moja ndogo ikanishinda kuingia mpaka adhuhuri. Nilikuwa nahesabu. Mimi dakika nne. Shemeji yangu miaka kumi na moja. Maneno yetu yalikuwa yaleyale, nadhani hata sauti ilikuwa ileile. Ila yeye hakuwa na pa kuwaonyesha watu, na aliyekuwa kwenye kiti hakumwuliza mara ya pili.

Kama alilipa sitajua kamwe. Daftari lile limekwisha. Ninachojua ni kwamba sikumwuliza.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yangu namba moja hadi sita, ingawa kinyozi angeweza kuandika “huduma” tu. Pazia sitaki tena. Zile ishirini na mbili nimezirudisha sanduku la tangi, na Jumamosi nitakuja nikiwa tayari nimekaa benchini, wasipate taabu ya kunishusha. Nitapiga kura kwa mkono mmoja.

Niliuliza kama barua ya juu inaweza kutolewa daftarini. Muuguzi akanitazama juu ya miwani. Basi hii nayo naipiga picha naiweka chini yake, atakayesoma ile ya kwanza miaka mia ijayo asiishie pale.

Na jambo moja lingine nimelifanya bila kukuuliza. Zile sarafu zangu tatu, moja ilikwenda kwa Bwana Kimya na nyingine kwa kinyozi. Iliyobaki nimeituma kwenye ile anwani ya sarafu mbili. Sasa ni tatu. Mahali pa maelezo nimeandika: “Shemeji, nilikukosea nikiwa kwenye kiti. Njoo uchote ndoo ya kwanza.” Mama wa cherehani ameshaisoma, kwa hiyo mtaa mzima umeisoma. Mwambie baba yako naye aisome.

Ile ya rangi ya nywele niliomba ifutwe. Hii isifutwe.